Subiri Kalamu ya Hakimu

Jalada ni jembamba: kurasa 14 zilizochapwa upande mmoja na kubanwa kwa pini kwenye kona. Ndani mna hati ya mashtaka, maelezo ambayo mashahidi watatu waliyatoa polisi, maelezo ya nyongeza ya mmoja wao, na mchoro wa eneo la tukio uliochorwa kwa rula. Kesi ni ya kubuni. Mama wa makamo mwenye duka, katika kijiji kisicho na jina kwenye miteremko ya Uluguru, alivamiwa saa 2 usiku na vijana wawili wenye panga. Walichukua fedha na simu. Mmoja wao, anasema, alimtambua kwa mwanga wa taa ya sola. Huyo mmoja ndiye mshtakiwa, na kosa lake ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu kinasema akitiwa hatiani, kifungo chake hakipungui miaka 30.

Anayegawa majalada haya ni mwalimu wa sheria ambaye pia ni wakili, na nyumba yake iko Mzinga, chini ya milima, ukishapita Chuo Kikuu cha Sokoine na Magadu. Nje ya mkoa wengi hulijua jina la Mzinga kwa sababu ya shirika la jeshi lililoko hapo. Kwa wanafunzi wachache wa sheria wa vyuo vya Morogoro, Mzinga ni baraza la nyumba hii siku za Jumamosi. Wanatoka Mzumbe, Jordan na Chuo Kikuu cha Waislamu, wengine kwa daladala mbili na bodaboda. Wanakuja kwenye mahakama ya mazoezi. Vifaa ni haba: meza ndefu ya mbao, viti vya plastiki, stuli moja ambayo ndiyo kizimba cha shahidi, na kreti tupu la soda lililofunikwa kitenge na kuwekwa juu ya meza ili wakili apate mahali pa kuegesha karatasi zake.

Nilikuja nikidhani nitaona watu wakijifunza kusema. Sehemu kubwa ya siku niliona watu wakisoma.

Mwalimu hufundisha kusoma jalada kwa awamu, na haruhusu awamu yoyote irukwe. Mara ya kwanza unasoma mikono mitupu, bila kalamu, kama mtu anayesimuliwa habari. Kalamu za kukoleza rangi zimepigwa marufuku mezani kwake kabisa, kwa sababu anayepaka rangi, anasema, huridhika kwamba amefanya kazi. Mara ya pili unashika penseli na kaunta buku, unaandika tukio kwa mfuatano wa saa: duka lilifunguliwa saa ngapi, jua lilizama saa ngapi, waliingia saa ngapi, polisi waliitwa saa ngapi. Mara ya tatu unachora safu tatu: nani kasema, kasema wapi, kasema lini. Hapo ndipo jalada huanza kufunguka.

Nilikaa karibu na binti mmoja wa mwaka wa tatu aliyepangiwa kumtetea mshtakiwa. Ana mwandiko mdogo uliosimama wima. Alipofika kwenye mchoro wa eneo la tukio aliacha kusoma, akachukua rula, akapima. Kutoka kaunta hadi mlangoni mchora ramani ameandika hatua nne. Alama ya taa ameiweka nje ya mlango, kwa juu. Binti akaigusa alama ile kwa ncha ya penseli, akarudi kwenye maelezo ya mama mwenye duka, akayasoma tena taratibu huku midomo ikicheza, kisha akarudi kwenye mchoro. Hakuandika kitu. Alirudia safari hiyo ya macho mara kadhaa, karatasi hii na ile, hadi mwishowe akaandika mstari mmoja katika safu ya kwanza: taa nje, mama ndani, wao katikati.

Wanafunzi wengine wote walikuwa na mchoro uleule. Wengi walikuwa wameutazama na kuugeuza.

Jambo la pili alilipata kwa kulinganisha tarehe. Maelezo ya kwanza ya mama yaliandikwa usiku uleule wa tukio, na ndani yake kuna vijana wawili, mmoja mrefu. Hakuna jina. Jina la mshtakiwa linaonekana kwa mara ya kwanza katika maelezo ya nyongeza, siku tatu baadaye. Alizungushia tarehe hizo mbili duara, akaziunganisha kwa mstari.

Baada ya hapo ndipo mwalimu anaruhusu sheria iingie. Katika kesi za kumtambua mtu usiku, kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliyomo katika taarifa za mashauri za Tanzania za mwaka 1980, ukurasa wa 250. Mahakama ya Rufani ilieleza pale kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu, wa kuangaliwa kwa uangalifu mkubwa, na ikataja mambo ya kuuliza: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, palikuwa na mwanga wa namna gani, na kama aliwahi kumwona kabla. Wanafunzi huyakariri mambo hayo kama dua. Mwalimu hayataki yakaririwe. Anataka mbele ya kila swali la mahakama kuwe na jibu kutoka kwenye jalada pamoja na namba ya ukurasa, na pale ambapo jalada halina jibu, anataka paachwe wazi. Binti aliacha nafasi mbili wazi: muda, na ukali wa mwanga. Nafasi hizo ndizo zilizokuja kumbeba.

Mchana mahakama inakaa. Mwanafunzi mmoja anakuwa hakimu. Mwingine anavaa khanga na kuwa mama mwenye duka; amesoma maelezo ya mama huyo tu, na ameambiwa ayashikilie. Wakili wa Serikali anamwongoza shahidi wake kwa maswali ya wazi: ulikuwa wapi, ulimwona nani, nini kilifuata. Haruhusiwi kumwekea maneno mdomoni. Akijaribu, upande wa pili husimama na pingamizi. Shahidi anaeleza vizuri. Taa ilikuwa inawaka, nilimwona, ninamfahamu, ni kijana wa pale pale kijijini.

Kisha yanakuja maswali ya dodoso, na hapa ufundi huonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Aliyeanza alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, nzito, ya kujaza ukumbi. Alijenga hoja yake vizuri juu ya taa na giza, shahidi akakubali moja baada ya jingine, na alipoona amefika kileleni akamalizia kwa swali ambalo kila msikilizaji alikuwa akilisubiri: sasa, mama, katika giza hilo uliwezaje kuuona uso wake? Mama akajifunga khanga yake vizuri, akajibu kwamba alipoinama kufungua droo uso wake uligeukia mlangoni, taa ikammulika, na kwamba uso ule ameujua tangu alipokuwa akitumwa sukari na mama yake. Kijana aligeuza karatasi. Aligeuza nyingine. Jibu lilikuwa limeshatoka, na ni yeye aliyelifungulia mlango.

Mwalimu hakumkatiza wala kumcheka. Alisema tu turudi mwanzo, akamwita binti.

Kabla ya mahakama kukaa alikuwa ameandika maswali 31, na nikaona kwenye kaunta buku jinsi yalivyopungua. Yaliyokuwa na mambo mawili ndani yake ameyapasua. Yaliyoanza na "kwa nini" ameyafuta yote. Yaliyobaki ni 8, na kwa kweli hayakuwa maswali tena. Yalikuwa sentensi fupi za jambo mojamoja, ambazo shahidi angeweza kuzijibu kwa ndiyo bila kuvunjiwa heshima.

"Mama, pole kwa yaliyokupata."

"Nimeshapoa, mwanangu."

"Duka lako lina mlango mmoja."

"Ndiyo, mmoja."

"Taa ya sola uliitundika nje, juu ya mlango."

"Ndiyo, nje."

"Wewe ulikuwa ndani, nyuma ya kaunta."

"Nilikuwa ndani."

"Walioingia walitokea nje."

"Walitokea nje."

"Walipokuwa wamesimama mbele yako, taa ilikuwa nyuma yao."

Mama alifikiri kidogo. "Ilikuwa nyuma yao, ndiyo."

"Usiku ule ulikwenda polisi."

"Nilikwenda."

"Ukaandika maelezo."

"Niliandika."

"Katika maelezo ya usiku ule hukutaja jina la mtu yeyote."

"Sikutaja. Nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Asante sana, mama. Naomba niishie hapo, Mheshimiwa."

Akakaa. Swali ambalo kila mtu barazani alikuwa nalo mdomoni hakuliuliza. Alilibakiza kwa ajili ya siku ya kujumlisha hoja, wakati ambapo shahidi hatakuwepo kulijibu. Kujizuia kwa namna hiyo kunamgharimu mtu. Nilimwona mkono wa kushoto ukishika ukingo wa kreti na kuuachia.

Kuna kitu kingine alichokifanya, na sikukielewa hadi mwalimu aliponionyesha. Baada ya kila jibu alikuwa ananyamaza, na kunyamaza kwake hakukuwa kwa urefu sawa. Mara nyingine kulikuwa kwa pumzi moja, mara nyingine kwa muda uliomfanya shahidi ageuke kumtazama. Nikadhani anatafuta swali linalofuata. Mwalimu akaniinamia: tazama macho yake. Nikatazama. Macho yalikuwa kwenye mkono wa hakimu. Kalamu ilipokuwa inakwenda, alisubiri. Kalamu iliposimama, aliuliza.

Katika mahakama zetu, kwa miongo mingi, hakimu ndiye mwandishi. Anasikiliza shahidi na papo hapo anaandika ushahidi kwa mkono. Kwa kawaida haandiki swali na jibu lake. Anaandika masimulizi, kana kwamba shahidi amesema yote mwenyewe: nilikuwa dukani, taa ilikuwa nje. Mifumo ya kurekodi sauti imeanza kuingia, lakini bado ziko kesi nyingi zinazosimama juu ya mwandiko wa mtu mmoja aliyechoka saa 8 mchana. Wakili anayeuliza maswali matatu kwa pumzi moja anaweza kuwa amewashinda wote ukumbini, na kwenye karatasi pasiwe na alama ya ushindi wake. Majaji wa rufaa watasoma karatasi. Sauti nzito hawataisikia, wala jasho la shahidi hawataliona.

Mkoa huu unaijua kazi hiyo ya kalamu kwa muda mrefu. Mzumbe, kwenye barabara ya kwenda Iringa, ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa enzi za Mwingereza, ikifundisha machifu, madiwani na watumishi wa tawala za wenyeji, na baadaye ikapokea pia mahakimu wa mahakama za chini. Mwaka 1972 ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo ambacho watu wazima bado wanakiita IDM, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Kabla kijana wa leo hajaja pale kusomea shahada ya sheria, walishapita watu waliokuwa wakijifunza namna ya kusikiliza na kuandika kwa wakati mmoja. Ninapenda kufikiri kwamba binti huyu, akiitazama kalamu, anawaheshimu hao.

Jioni mwalimu aliweka kurasa mbili za mwenendo mezani, zote kwa mwandiko wa hakimu yuleyule. Ya kijana ilikuwa na sentensi tatu za maana: Taa ilikuwa inawaka. Alipoinama nilimwona uso. Ninamfahamu tangu utoto wake. Kila kitu alichokijenga juu ya mlango, kaunta na giza hakimo. Alikwenda mbio, kalamu ikabaki nyuma. Ya binti ilikuwa na sentensi saba, fupi, zilizopangika: Taa ilikuwa nje juu ya mlango. Nilikuwa ndani. Waliingia wakitokea nje. Waliposimama taa ilikuwa nyuma yao. Nilikwenda polisi usiku uleule. Niliandika maelezo. Sikutaja jina la mtu. Kila sentensi ilikuwa imesubiriwa kama fundi wa ukuta anavyosubiri udongo ushike kabla ya kuweka tofali linalofuata.

Mshtakiwa alitiwa hatiani hata hivyo. Mwalimu hupanga iwe hivyo kila mara, kwa sababu anataka rufaa. Mwenendo ulioandikwa na mwanafunzi, safari hii ule wenye ukurasa wa binti, ndio huwa kumbukumbu ya rufaa, makosa yake yakiwemo, na hakuna anayeruhusiwa kusema "lakini shahidi alisema" kama halimo kwenye karatasi. Katika jalada la polisi mama alieleza kwamba mmoja wa wale vijana alimmulika tochi usoni. Ingekuwa hoja kubwa kwa mtetezi. Hakuna aliyemuuliza kizimbani, na maelezo ya polisi hayakutolewa kama kielelezo, kwa hiyo tochi haipo. Binti aliisoma sehemu hiyo ya jalada kwa muda mrefu, kisha akaliweka jalada chini ya kreti na kubaki na mwenendo peke yake.

Kuandika rufaa kulichukua wiki. Sababu za rufaa katika rasimu yake ya kwanza zilikuwa sita, na za mwisho zikawa mbili: kwamba utambuzi haukuwa wa kuaminika, na kwamba jina la mrufani lilichelewa kutajwa. Kuziacha zile nne kulimuuma, naye alisema hivyo. Mojawapo ilikuwa na maneno mazuri. Mwalimu alimuuliza kama angekuwa na dakika mbili tu angesema zipi, akajibu, na mjadala ukaishia hapo.

Kwa sababu ya kwanza aliongeza nyuma ya Waziri Amani uamuzi wa Issa Mgara dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Namba 37 ya mwaka 2005, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema haitoshi shahidi kudai palikuwa na mwanga. Lazima aeleze chanzo chake na ukali wake, hata pale anapodai kumtambua mtu anayemfahamu. Kwa sababu ya pili alichukua Marwa Wangiti Mwita, iliyomo katika taarifa za mashauri za mwaka 2002, inayosema kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo hujipa uzito wa kuaminika, na kuchelewa kunapaswa kuifanya mahakama iulize. Maamuzi haya aliyasoma yote, mwanzo hadi mwisho, kwa Kiingereza yalivyoandikwa, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Kisha akayajenga upya kwa Kiswahili katika kaunta buku, kwa maneno ambayo hata mrufani akisimama nyuma ya wakili wake angeyafuata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kina nafasi yake pale sheria inaporuhusu. Kwa wanafunzi hawa maana yake ni kazi mara mbili, na sikumsikia hata mmoja akiilalamikia.

Kwa nini Jumamosi zote hizi? Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, ambako mhitimu hupita kabla ya kuapishwa kuwa wakili, yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri aliunda kamati, watu wakabishana kuhusu mitaala, lugha na ada. Mjadala ule ulikuwa na haki yake. Ila nikitazama baraza hili naona jambo ambalo kamati haiwezi kuligawa: saa za mtu mmoja kusimama mbele ya mwenzake na kuambiwa, tena, tangu mwanzo.

Siku ya rufaa watu walivaa. Mashati meupe, suti nyeusi zilizopigwa pasi ya mkaa, joho moja la mwalimu ambalo kila anayesimama hulivaa na kumpa anayefuata. Majaji ni watatu, mwalimu katikati, na mawakili wawili vijana waliowahi kupita katika baraza hili. Kila upande una dakika 10. Mtunza muda ana kadi tatu zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 5, 1, na sufuri.

"Ikupendeze Mheshimiwa Jaji," alianza binti, akajitambulisha, akasema ana sababu mbili na kwamba kwa ruhusa ya mahakama ataanza na ya mwanga. Aliweka karatasi moja tu juu ya kreti. Mwenendo aliushika mkononi, ukiwa na vikaratasi vilivyobandikwa kwenye kurasa za kurejea. Hakusoma. Mikono ilitulia. Hakuwa amemaliza dakika ya pili mwalimu alipomkatiza.

"Wakili, shahidi anasema anamfahamu mrufani. Ni kijana wa pale pale kijijini. Mwanga unatuhusu nini?"

Wanaoanza, wakikatizwa hivyo, hufanya moja kati ya mambo mawili: hujibu kabla swali halijakamilika, au humwambia jaji kwamba watafika huko. Yeye alinyamaza. Alifungua ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari, na ndipo akajibu.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Ukurasa wa 4, mstari wa 2, shahidi anasema anamfahamu. Hatubishani na hilo. Kumfahamu mtu ni jambo moja, na kuona kwamba aliyesimama mbele yako usiku ni yeye ni jambo la pili. Hilo la pili linahitaji mwanga. Katika Issa Mgara, Mahakama ya Rufani ilitaka chanzo na ukali wa mwanga vielezwe hata kwa shahidi wa namna hii. Katika mwenendo huu chanzo kimo, ukurasa wa 5: nje, juu ya mlango, nyuma yao. Ukali haumo popote."

"Kuna mahali shahidi amesema hakuuona uso?" aliuliza jaji wa kushoto.

"Hapana, Mheshimiwa."

Aliishia hapo. Nilisubiri aongeze "lakini", na nadhani majaji nao walisubiri. Alimwacha jaji aliandike jibu lile, ambalo lilikuwa dhidi yake, kisha akaendelea kwa sauti ileile kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri, na kwamba yeye hahitaji shahidi akane. Anahitaji mahakama ione kisichoelezwa. Hapo mwalimu mwenyewe aliinamisha kichwa na kuandika kitu.

Kadi ya 1 iliinuliwa akiwa katikati ya sababu ya pili. Hakuharakisha. Alikata tawi zima la hoja yake, nililiona kwenye karatasi likibaki bila kusemwa, akaenda moja kwa moja kwenye Marwa Wangiti, usiku ule, mbele ya polisi, bila jina. "Naomba kuwasilisha, Mheshimiwa." Mtunza muda alikuwa bado hajaichukua kadi ya sufuri.

Rufaa ilikubaliwa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Maoni yalichukua muda mrefu kuliko kesi. Jaji mmoja alimwambia alitaja namba za kurasa kabla jaji hajafungua mwenendo, kwa hiyo ya kwanza ilipotea. Taja, subiri wafungue, ndipo useme. Mwalimu alimwambia kwamba "hatubishani na hilo" lilitoka kwa ukali kidogo, na akamrudisha kwenye kreti aliseme mara tatu hadi likatoka kama jambo la kawaida. Yule kijana mwenye sauti nzito, aliyekuwa upande wa Jamhuri siku hiyo, alisifiwa kwa mara ya kwanza: alikuwa ameuliza kama anaweza kuendelea, majaji walipokuwa bado wanaandika.

Kisha mwalimu akabadilisha pande. Ndivyo yanavyofanya hata mashindano makubwa, Jessup, yaliyoanza Marekani mwaka 1960, na yale ya haki za binadamu ya Afrika nzima yaliyoasisiwa na Chuo Kikuu cha Pretoria mwaka 1992: timu ileile hutetea leo kile ilichokishambulia jana. Wiki inayofuata binti atasimama kwa niaba ya Jamhuri, kwenye mwenendo uleule, akiomba hukumu ya miaka 30 ibaki palepale.

Nilimwona akihamisha kiti hadi upande wa pili wa meza, akafungua kaunta buku kwenye ukurasa mpya na kuchora safu zake tatu. Alianza tena kwenye ukurasa wa kwanza wa mwenendo, penseli ikiwa bado mezani. Alipofika ukurasa wa 4 aliichukua, akapiga mstari chini ya maneno "ni kijana wa pale pale kijijini", akamuuliza mwalimu kama shahidi aliwahi kuulizwa amemfahamu kwa miaka mingapi. Mwalimu akasema hajui, aangalie. Akaangalia. Hakuulizwa. Akaandika hilo katika safu ya tatu, na akaendelea na ukurasa wa 5.